Mafunzo ya Utabibu Katika Chumba cha Dharura

Mji wa Songea umekaa mahali zikutanapo barabara kuu tatu: ile itokayo Njombe, ile iendayo Mbinga hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na ile ielekeayo Namtumbo na Tunduru hadi Masasi. Kwa sababu hiyo hospitali ya rufaa ya mkoa hupokea mgonjwa wa kila namna. Huletwa kijana aliyeanguka na pikipiki huko Lizaboni. Huletwa mama atokwaye na damu baada ya kujifungua. Huletwa mkulima aliyeumwa na nyoka akivuna mahindi, na mtoto mwenye degedege aliyefungwa mgongoni kwa khanga. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2022, na wengi wao huishi vijijini, mbali na daktari yeyote.

Pamoja na wagonjwa hao, mlango huo huo huingiwa na wanafunzi. Katika hospitali za mikoa wamo madaktari watarajali, yaani vijana waliomaliza miaka mitano ya chuo kikuu na ambao hawana budi kufanya kazi mwaka mzima chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Wamo pia wanafunzi wa vyuo vya utabibu na uuguzi. Hawa hawakuja kutazama tu. Muda si mrefu kila mmoja wao atakuwa peke yake, usiku, katika kituo cha afya kisicho na mkubwa wa kuulizwa, na mgonjwa wa aina ile ile aliyemwona mjini ataletwa mbele yake.

Basi, atafundishwa lini? Katika chumba cha dharura hakuna saa ya somo. Daktari mkubwa anayetakiwa kufundisha ndiye huyo huyo anayetakiwa kumshona mmoja, kumwekea dripu wa pili na kuwajibu ndugu wa yule wa tatu. Kwa kawaida hutolewa majibu mawili. La kwanza ni kumwacha mwanafunzi aokote elimu kwa macho, kama kuku aokotavyo punje. La pili ni kumpeleka ukumbini siku nyingine, akahudhurie semina. Utafiti uliofanywa, tena hapa hapa Tanzania, unaonyesha kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na kwamba lipo la tatu.

Kutoka mapokezi hadi idara

Kwa miaka mingi hospitali za Tanzania hazikuwa na idara ya dharura kwa maana ya leo. Palikuwapo mapokezi, mahali ambapo mgonjwa aliandikishwa, akasubiri zamu yake, kisha akapelekwa wodini. Mabadiliko yalianza Januari 2010, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua idara kamili ya magonjwa ya dharura. Na katika mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha masomo ya ubingwa katika fani hiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, lilitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura, ambayo ilikuwa imejaribiwa kwanza katika nchi chache, Tanzania na Uganda zikiwamo. Kisha, kuanzia mwaka 2021, sehemu ya fedha za mkopo uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19 ilitumika kujenga majengo ya huduma ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya.

Jengo huchukua miezi kukamilika. Daktari bingwa huchukua miaka kumi au zaidi tangu aingie chuo kikuu. Kwa hiyo, katika hospitali nyingi za mikoani, anayemfundisha mtarajali ni daktari wa kawaida ambaye hakuwahi kufundishwa namna ya kufundisha. Si kosa lake. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba mwalimu wa shule ya msingi husomea ualimu, hali anayemfundisha mtu kuokoa roho hasomei.

Uwezo wa akili una mpaka

Ili kuelewa ugumu wa kazi hii, hapana budi kutazama kwanza jinsi akili ya mwanafunzi inavyofanya kazi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba mtu huweza kushika akilini kwa wakati mmoja vitu saba hivi, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Watafiti waliomfuata wameipunguza idadi hiyo hata kufikia vinne. Jaribu, msomaji, kusomewa namba ya simu ya tarakimu kumi huku jirani anakuuliza bei ya unga. Utaona mara moja maana ya jambo hili.

Sasa mfikirie mtarajali aliyesimama mbele ya majeruhi wa pikipiki. Damu inatoka kichwani, mguu umepinda, pumzi ina mkoromo, ndugu wanalia, mwuguzi anauliza aina ya dawa, na mlangoni machela nyingine inaingia. Hayo ni mambo sita. Akili yake imekwisha kujaa kabla hajaanza kufikiri. Macho yake yatavutwa na lile linalotisha zaidi, yaani mguu uliopinda, ingawa mguu hauui kwa dakika tano na mkoromo wa pumzi huua.

Daktari mzoefu hana akili kubwa kuliko yeye. Tofauti ni kwamba mzoefu amekwisha kuyafunga mambo mengi katika furushi moja. Fundi pikipiki wa Majengo husikia mlio mmoja tu wa injini akajua ni mnyororo uliolegea. Mwanafunzi wake husikia kelele. Hii ndiyo sababu kozi ya Shirika la Afya Duniani humfundisha mwanafunzi mpango wa herufi tano, A hadi E, ambao hufuatwa kwa kila mgonjwa bila kuruka hatua. A ni njia ya hewa: je, iko wazi? B ni upumuaji. C ni mzunguko wa damu, pamoja na kuzuia damu inayotoka. D ni hali ya fahamu. E ni kumfunua mgonjwa mwili mzima ili jeraha lisifichwe na nguo, kisha kumfunika asipate baridi. Mambo sita yaliyokuwa yakigombana sasa yamepangwa katika foleni. Mkoromo uko katika A, mguu umerudi nyuma mahali pake. Uzuri wa mpango huu si kwamba unamwongezea mwanafunzi elimu. Unampunguzia mzigo, ili akili ipate nafasi ya kujifunza.

Dakika moja kando ya kitanda

Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Jon Neher, walichapisha njia ya kufundisha kwa hatua tano ambazo zote huweza kumalizika katika dakika chache. Walikuwa wakifundisha wanafunzi katika kliniki ya kawaida. Hata hivyo njia hiyo imeingia katika vyumba vya dharura vya nchi nyingi, kwa kuwa haihitaji chombo chochote. Mfano ufuatao, ambao ungeweza kutokea Songea siku yoyote ya masika, utaonyesha jinsi inavyotumika.

Mtarajali amempokea mtoto wa miaka minne. Amemlaza ubavu, ameona kwamba njia ya hewa iko wazi na kwamba anapumua, ameagiza kipimo cha malaria, amemhoji mama. Daktari mkubwa anafika.

"Daktari, mtoto huyu ana nini?"

"Nadhani ni malaria kali, mkuu."

"Umejuaje?"

"Ana homa tangu juzi, amepata degedege mara mbili, hana fahamu, na kipimo kimeonyesha vimelea."

"Vema. Sasa, mbali na malaria kushambulia ubongo, ni sababu gani nyingine ya kupoteza fahamu ambayo waweza kuiondoa katika muda wa dakika chache?"

Kimya. Daktari mkubwa anahesabu kimoyomoyo moja hadi tano, wala hasemi neno.

"Sukari," asema mtarajali. "Sijapima sukari."

Inapimwa papo hapo. Iko chini mno. Mtoto anapewa maji ya sukari kwa njia ya mshipa. Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nishati yote, na kwa mtoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mtoto mwenye malaria kali, ambaye hajala tangu juzi, huweza kuishiwa sukari hata ubongo ukazimika mfano wa taa iliyokauka mafuta. Akitibiwa malaria peke yake, dawa sahihi itamkuta amechelewa.

Kisha daktari mkubwa anamaliza hatua zilizobaki. Anatoa kanuni moja: kila asiye na fahamu apimwe sukari pale pale, hata kama sababu nyingine inaonekana wazi. Anataja lililofanywa vizuri: kumlaza mtoto ubavu kabla ya kuandika chochote. Anataja kosa: dakika zilizotumika kumhoji mama zingetosha kupima sukari huku mahojiano yakiendelea. Basi, amekwenda kwa mgonjwa mwingine.

Katika mazungumzo hayo hakuna hotuba. Daktari hakueleza aina za vimelea vya malaria wala historia ya kwinini, ingawa pengine anayajua yote na angependa kuyasema. Alimtaka mwanafunzi kwanza atoe uamuzi wake na autetee. Mtu aliyejifunga kwa jibu lake hulikumbuka sahihisho. Yule aliyesikiliza tu husikia na kusahau.

Zile sekunde tano za kimya zina hadithi yake. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alipima kwa kinasa sauti muda ambao walimu wa sayansi mashuleni huwasubiri wanafunzi baada ya kuuliza swali. Kwa wastani waliwapa sekunde moja hivi, kisha wakajibu wenyewe au wakamwita mwingine. Walimu waliojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi walionyamaza wakapungua. Sekunde tatu si kitu hata katika chumba cha dharura. Ni kweli kwamba yako mazingira ambayo swali lazima lingoje: ikiwa mtoto hapumui, mwalimu humsaidia kupumua kwanza na kuuliza baadaye. Lakini "baadaye" iwe siku hiyo hiyo, mbele ya kitanda hicho hicho, wala si mwisho wa mwezi.

Lugha na aibu

Liko jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji, nalo ni lugha. Mtarajali amesoma utabibu wote kwa Kiingereza. Mama wa mtoto anaeleza kwa Kiswahili, na pengine bibi aliyekuja naye anatumia Kingoni, Kimatengo au Kiyao. Mwanafunzi hutafsiri dalili kwenda Kiingereza ili kufikiri, kisha hutafsiri uamuzi kurudi Kiswahili ili kusema. Na kila tafsiri inakula nafasi katika akili ile ile yenye vyumba vinne. Mwalimu akimwuliza maswali kwa Kiswahili, mzigo unapungua. Zaidi ya hayo mama anasikia, na mara nyingi huongeza neno ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kwamba mtoto alinyweshwa dawa ya mitishamba asubuhi, au kwamba alianguka kabla ya homa kuanza.

Lakini kusikia huko kuna upande wa pili. Mama husikia pia makosa. Mwanafunzi anayekaripiwa mbele ya mgonjwa na wauguzi hujifunza somo moja kwa hakika kabisa, nalo ni kunyamaza. Safari ijayo hatasema "sijapima". Atasema "iko sawa". Darasani, aibu ya mwanafunzi hugharimu alama za mtihani. Katika chumba cha dharura, sukari ambayo haikupimwa na kusemwa kuwa imepimwa hugharimu mtoto. Kwa hiyo walimu wenye busara hugawanya somo: maswali na sifa kando ya kitanda, kosa hatua chache pembeni, kwa sauti ya chini. Mkali wa ulimi aweza kuwa daktari hodari sana, lakini wanafunzi wake watamficha yale hasa anayohitaji kuyajua.

Ushahidi kutoka Haydom

Hadi hapa hoja inaweza kuonekana kuwa ya maoni tu. Ushahidi wenye takwimu unatoka mbali kidogo na Songea, katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara; na unahusu chumba cha kujifungulia, si idara ya dharura. Hata hivyo tatizo ni lile lile. Mtoto mchanga asiyepumua ni dharura iliyo kali kuliko nyingi: mkunga anatakiwa amsaidie kupumua ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake.

Mnamo Aprili 2010 wakunga na wauguzi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua, wakitumia mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto mchanga na mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa. Baada ya miezi saba walipimwa tena kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 74, ilhali kabla ya mafunzo walikuwa asilimia 18 tu. Semina yoyote ingejivunia matokeo hayo, vyeti vikagawiwa, posho zikalipwa, na ripoti ikafungwa.

Watafiti wa Haydom hawakuifunga. Walikuwa wameweka waangalizi katika chumba cha kujifungulia, usiku na mchana, waliopima kwa saa yale yaliyotendeka hasa. Wakakuta kwamba kwa watoto halisi hakuna kilichobadilika. Mikono iliyojua mbele ya mwanasesere haikutenda hivyo mbele ya mtoto, na vifo vya siku ya kwanza havikupungua.

Mwaka 2011 walibadili njia. Mwanasesere aliwekwa pale pale kazini, na wahudumu wakatakiwa wafanye naye mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na kipindi cha dakika 40 hivi kila mwezi. Vifaa vilikuwa vile vile, na kadhalika maarifa. Katika hospitali hiyo yenye watoto karibu 5,000 wanaozaliwa kwa mwaka, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2.

Mwanafunzi wa sayansi atauliza mara moja: je, haikuwezekana kwamba kitu kingine kilibadilika mwaka huo? Swali ni la haki. Utafiti huo ulilinganisha mwaka mmoja na uliofuata katika hospitali moja, bila kundi la ulinganisho. Ndiyo maana jambo hilo lilichukuliwa mbele zaidi, safari hii katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa vipya na takwimu zilizorudishwa kwa wahudumu wenyewe ili wazijadili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto kabla tu na mara baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 kwa kila 1,000 hadi 12.5. Ruvuma haikuwamo katika mikoa hiyo mitano.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Haydom hadi chumba cha dharura si mwanasesere, bali kipimo cha somo na mahali pake. Dakika tatu wakati wa kupokezana zamu zatosha kwa zoezi moja: kufungua njia ya hewa, au kufunga jeraha linalovuja damu, au kutamka A hadi E kwa mgonjwa wa kubuniwa. Kesho liwe jingine. Juma lijalo lirudiwe la kwanza. Kwa zoezi la kufunga jeraha hata godoro kuukuu lafaa. Anayeongoza anaweza kuwa mwuguzi wa zamu. Mara nyingi ndiye aliyekaa chumbani humo miaka mingi kuliko daktari yeyote, na madaktari vijana wengi wamejifunzia kwake bila kukiri. Ubishi utakaotolewa ni kwamba watu ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Lakini semina ya siku tano huondoa watu kazini kwa siku tano, na dakika tatu hazimwondoi mtu.

Jaribio kwa darasa

Walimu wa sekondari wanaweza kuipima sehemu ya jambo hili wenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kisayansi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likaandika yote linayoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano kundi la wasomaji lilishinda, kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wasomaji walikumbuka asilimia 40, na wale waliojiuliza wenyewe asilimia 61.

Kwa darasa la wanafunzi 40, chagua habari ya ukurasa mmoja ambayo haimo katika kitabu cha kiada, na uigawe katika hoja 30 zinazoweza kuhesabiwa. Majina yapigiwe kura ili makundi yasipangwe kwa uhodari, na kila kundi likae chumba chake. Kila kipindi kiwe cha dakika tano. Kundi la pili lisipewe nafasi ya kuiona habari tena. Nusu ya kila kundi ijaribiwe baada ya dakika tano, na nusu nyingine siku ya saba, kwa kuwa mwanafunzi aliyejaribiwa mara ya kwanza atakuwa amekwisha kujiuliza na atavuruga kipimo cha pili. Karatasi zote za habari zikusanywe kabla ya watu kwenda nyumbani, na anayesahihisha asijue karatasi ni ya kundi lipi.